Daftari la Injini

Ísafjörður, Februari. Karakana ina hita moja
nayo inapendelea miguu.
Torfhildur anafungua daftari la Sesna,
jalada limelowa oili, kurasa zimekakamaa kama ng'onda.

Saa za injini 1,204: plagi nane, mpya.
Saa 1,251: silinda ya tatu, mgandamizo
sitini na mbili juu ya themanini.
Naisikia ikipumua kwenye ekzosi. Itazamwe.
Hapa alikosea tarehe; akapiga mstari mmoja tu,
kosa likabaki linasomeka, na sahihi yake pembeni.
Ukifuta umedanganya, Ásbergur alikuwa akisema,
ndege haina mdomo.

Saa 1,388 herufi zinaanza kuyumba.
Saa 1,410 saba yake ina mkia unaotetemeka.
Oili imebadilishwa, chujio limepasuliwa, hamna chembe za chuma.
Saa 1,433, waya wa kufungia nati:
umefungwa na T. Mimi nimeutazama tu.

Mwaka mzima mzee alimpisha kwenye injini,
akamwachia koleo,
naye akidhani ni mafunzo.
Kila kipande kilihesabiwa saa zake.
Mkono ulioandika haukuwa na safu.

Anatafuna kifuniko cha kalamu.
Saa 1,461. Silinda ya tatu imetolewa.
Vali ya ekzosi imeungua ukingoni.
Anasita. Sheria haidai zaidi ya hapo.
Anaongeza: kama alivyosikia yeye.
Kisha sahihi, namba ya leseni,
na pumzi mbili juu ya wino, ukauke.