Chini ya Sekunde Mbili

Mama yangu, Torbjørg, anakaa Vardø,
kisiwa kilichosogea kaskazini ya Norwe mpaka miti ikakata tamaa kukifuata.
Jua huaga Novemba
na harudi mtu kulisikia habari zake mpaka Januari ielekee ukingoni.
Mimi niko Bergen, kwenye mvua.
Masikio yake hayaitambui tena simu.

Basi nikamfungia balbu janja tano,
nikaketi na ile lugha yenye jina la chatu
nikaandika fanksheni ndogondogo, za kusaidia tu,
kama watoto wa kutumwa dukani.

unganisha():
nenda kwenye kisanduku kilicho nyuma ya redio yake, piga hodi.
Pakiwa kimya, hesabu tano, piga tena.
Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, rudi
uniambie Hamna.

chambua():
utapewa furushi la mabano na koloni, limekazwa kama mzigo wa msafiri.
Lifungue. Niambie balbu ipi, imewaka lini, imezimwa lini.

safisha():
hii niliionea fahari.
Umeme wa kisiwani hukohoa upepo ukizidi, balbu zikapepesa.
Nikaandika: chochote kinachowaka na kuzima
chini ya sekunde mbili
ni kelele. Kitupe.

Msimu mzima nikamsoma mama kwa tarakimu.
Sebuleni, saa moja hadi saa nne usiku: anafuma soksi.
Chooni, saa tisa alfajiri, mara mbili, siku za baridi kali mara tatu.
Chumba cha marehemu baba, kila Jumapili, dakika kumi na moja.
Sikumuuliza. Data haina haya, lakini mimi ninayo.

Kisha, usiku mmoja wa Januari,
Hamna.
Nikaituma tena. Hamna.
Mikono ikanitetemeka juu ya vibonye,
nikampigia jirani yake, Oddvar, naye akavuka barafu na ndara miguuni, akitukana.

Alimkuta anapika wafo.
Kisanduku alikichomoa yeye mwenyewe; soketi ni moja, na kikaangio kina haki zaidi.
"Anasema," Oddvar akaniambia, mdomo umejaa,
"ukitaka kujua kama ni mzima, uwe unaitika.
Kila asubuhi anakuita. Huitiki."

Ananiita?

Nikafungua data ghafi, ile ya kabla ya kusafishwa,
safu kwa safu, macho yakiwasha.
Jikoni, saa moja na nusu asubuhi:
washa zima
washa zima
washa zima.
Na jana yake. Na juzi.
Siku sitini na moja.

Nikakumbuka mteremko wa shule,
saa nane mchana na giza kama la usiku wa manane,
begi linanipiga mgongoni, theluji imeingia buti la kushoto,
na kule chini, dirisha letu likikonyeza mara tatu,
kidole gumba cha mama juu ya swichi:
nakuona, nakuona, nakuona.

Nami nilimjengea ungo mzuri
unaopepeta punje na kubakiza makapi.

Nilifuta ule mstari. Sikuandika mwingine mahali pake.
Asubuhi sikunywa kahawa, nikamngojea.
Saa moja na nusu. Jikoni. Tatu.
Nikaijibu balbu ya sebuleni kwa mkono wangu,
moja, mbili,
mtandao ukazubaa, ya tatu ikafika imechelewa
kama mimi.

Kimya. Dakika nzima.
Kisha jikoni: nne.

Nne sijui maana yake.
Tatu ndizo alizonifundisha.
Nimezihifadhi hivyo hivyo, ghafi,
na sitaki fanksheni yoyote izisogelee.