Mwanya

Juu, karibu na kioo, sarafu ya mia mbili inapita.
Chini, karibu na bawaba, hata ukucha haupiti.
Mlango ni mmoja, kiwanda kimoja,
na mlipaji mmoja: mimi, Kalunde binti Mihayo,
mnunuzi wa asali, Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa.

Mwanya wa meno ni uzuri, sikatai.
Ninao. Ndio ulionipatia mume,
ingawa baadaye aliuchoka.
Lakini mwanya wa pikapu ya milioni mia na tisini
unausifu kwa kinywa gani?

Nisiseme uongo: linakimbia.
Kwenye lami ya Sikonge injini haikunguruma, iliamrisha.
Nilikanyaga mafuta, kiti kikanishika mgongo
kama ndugu aliyenikosa miaka,
na Nkwabi, mpwa wangu, akapaza sauti, "Shangazi, tena!"
Nikarudia.
Na umri wangu huu, nikarudia.

Kisha tukachepuka kuelekea Kitunda, lami ikaisha.
Tik.
Ndani ya dashibodi, mahali fulani. Tik-tik.
Nikamwambia Nkwabi, shika hapo. Akashika, kukanyamaza.
Akaachia. Tik.
Basi tukaenda hivyo, kilomita arobaini,
gari lenye nguvu za farasi mia nne
likishikiliwa na mkono wa mtoto wa darasa la tano.

Na vumbi likaingia.
Halikubisha hodi, lilipitia palepale pa sarafu,
likamchora Nkwabi mstari mwekundu kwenye shati la shule,
kutoka begani hadi mfukoni,
mstari ulionyooka
kuliko wowote uliopigwa kiwandani.

Nikampigia muuzaji, Dar es Salaam,
kijana mwenye sauti iliyopakwa mafuta.
"Mama, hiyo iko ndani ya kiwango."
Kiwango cha nani?
"Cha kiwanda. Na unajua, mama, kizuri hakikosi kasoro."
Nikamwambia: methali umeikuta bure, baba,
mimi kasoro nimeilipia.

Chumbani kwangu kuna kasha la mninga, la marehemu baba.
Fundi Kasanda alilijenga bila msumari,
akalipwa magunia mawili ya mahindi
na baiskeli isiyo na breki.
Ukiachia mfuniko, haudondoki.
Unashuka polepole, hewa ikitafuta pa kutokea,
huuu,
kama mtu anayevua viatu baada ya msiba.
Jioni ile nilikwenda mara tatu, kutoka kasha hadi gari,
gari hadi kasha.
Huuu. Debe. Huuu. Debe.
Jirani akachungulia dirishani, akafunga pazia.

Walinifunza tangu utotoni kwamba rahisi ni ghali.
Hakuna aliyenionya kwamba ghali nayo
inaweza kuwa rahisi.

Jana usiku nilikuwa ghalani.
Ndoo themanini za asali, safari ya Mwanza alfajiri.
Nikamkumbuka mteja wa kule, wa mwezi uliopita,
aliyeandika kwamba vifuniko vinavuja,
kwamba siafu wamefika dukani kabla ya wateja.
Nilimjibu nini?
Nikapekua simu.
Nilimjibu: "Ni kawaida, ndugu yangu."

Nikakaa juu ya gunia.
Halafu nikaitoa ile sarafu.
Ndoo ya kwanza, haikupita.
Ya pili, haikupita. Nikaanza kujisifu.
Ya kumi na tisa
ikazama chini ya kifuniko hadi miguuni mwa simba.

"Nkwabi," nikaita, "amka. Lete taa.
Tunafungua zote."

Nje, gari lilikuwa likipoa.
Tik.