Vidole Vitatu

Mafundi wote wa Ngamiani wana kesho moja tu,
wanaazimana.
Jumatano aliniambia kesho, Alhamisi kesho,
na leo Jumamosi, saa nane mchana,
gauni langu bado linaning'inia kwenye msumari
kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Saa kumi na mbili tunamwaga Asumini,
mwanangu wa kwanza. Ukumbi uko Chumbageni,
keki imeshafika, mimi sina nguo.

"Si ununue jingine?" dada yangu aliuliza.
Sikununua. Nilitaka hili,
satini ya kijani, nililoagwa nalo mimi
mwaka ule wa mvua za Elnino,
kiuno changu kikienea katika viganja viwili.
Tangu hapo nimezaa wanne, nimezika mmoja,
nimekula mihogo ya kukaanga ya miaka ishirini na minne.
Zipu ilifika mbavuni ikasimama,
haipandi, haishuki,
punda aliyegomea mlimani.

Umeme hakuna. Fundi Sikudhani
amekalia cherehani ya miguu ya baba yake,
pini tano mdomoni, anasema nami kwa nyusi.
Inua mkono. Geuka. Usipumue.
Kijana aliyetumwa kwa baiskeli kutafuta uzi wa kijani
amerudi na wa samawati,
anaapa kwamba dukani wanauita kijani.

Wembe ukaingia ubavuni, ukadonoa nyuzi mojamoja,
mshono ukaachia,
na ndani, tazama, kitambaa kimekunjwa,
vidole vitatu kila upande.
"Baba huyo," akasema, akatema pini.
"Wenzake walikata. Yeye alificha."
Fundi Mbwana, aliyenipima nikichekacheka,
akaniambia, "Simama, binti, futi haina utani."
Tulimzika mwaka juzi, wakati wa vuli.

Kijani kile cha ndani hakijaona jua.
Kibichi, kama jani la mgomba kabla ya umande kukauka.
Kile cha nje, nilichodhani ndiyo rangi yake,
kumbe kilichoka zamani
na hakuna aliyeniambia.

Nikasema, mwanangu, saa tisa hii.
Hasikii. Amelipindua gauni,
amelisogeza mlangoni kwenye mwanga.
Kwenye bitana, chini ya kwapa, kwa penseli:

*26. Atanenepa. Atarudi.*

Mwandiko wa baba yake,
ile T iliyochoma mstari wa juu kama sindano.
Madaftari yake yaliliwa na mchwa,
hana hata risiti.
Mguu wake ukasimama. Gurudumu
likajizungusha lenyewe kidogo, likanyamaza.
Nilitaka kusema: saa.
Nikaitazama pasi ya mkaa ikirusha cheche sakafuni,
nikazikanyaga moja moja.

Halafu akashona. Sijaona mtu akishona vile,
bila kutazama, na uzi wa samawati,
machozi yakitiririka kama ya mtu anayemenya vitunguu tu.

Nilimpa elfu saba. Akausukuma mkono wangu.
"Nipe hiki."
Mkasi ukalia mara nne.
Kipande cha bitana, upana wa kiganja cha mtoto,
akakikunja, akakitia kwenye kopo la vifungo,
kisha akalitoa koponi, akalitia kifuani.

Basi nimeingia ukumbini
na mistari miwili mibichi mbavuni,
na shemeji mmoja kauliza kama ndiyo fasheni ya Dar.
Nikamjibu ndiyo, ndiyo kwanza imeingia.
Asumini alipokuja kunilisha keki
nikainua mikono yote miwili,
hakuna uzi uliolalamika.
Ila hapa, chini ya kwapa, pasipo bitana,
satini ilinigusa mwilini, baridi,
pale pale palipoandikwa.