Ratili Sitini na Mbili

Kwetu Igombe tumekua na neno moja:
Babu Lushinge alichukuliwa na mamba.
Ndiyo maana mama hafui ziwani jua likishazama,
na kila akipanda kivuko cha Kamanga
hutema mate majini, akaulaani ukoo wa mamba wote
hadi wale ambao bado ni mayai.

Jumatatu, chumba cha nyaraka.
Bi Nyamizi amenipokonya kalamu ya wino, akanipa penseli,
akanitulia mezani faili linalonuka popo.
Agosti 1937. Mwandiko wa karani wa baraza
umeinama kama mtu anayepanda kilima cha Bugando:

*Maiti ya mwanamume imeonekana kwenye matete.
Fuvu limevunjika kwa nyuma, mahali patatu.
Alama ya jino hakuna.*

Nimelisoma jino hilo
mpaka likaacha kuwa neno.

Nikaomba na daftari la mzani wa pamba.
"Unatafuta hela," akauliza Bi Nyamizi, "au unatafuta mtu?"

Tarehe kumi na nne, amekufa.
Tarehe kumi na tano:
*Lushinge wa Ngasa, pamba safi, ratili sitini na mbili,
amelipwa, ametia dole gumba.*

Maiti haipangi foleni kwenye mzani.

Dole lenyewe lipo, la zambarau, limefifia,
na katikati limekatwa na mstari mweupe.
Kovu la mundu.
Mama hulisimulia kovu hilo kwa mapenzi:
Babu Bulugu, mdogo wa marehemu, aliyemrithi mjane,
aliyemfundisha kuhesabu kwa mbegu za pamba,
akizisogeza moja moja kwa dole lake bovu.

Bibi alizaliwa Mei.
Nimeanza kuhesabu miezi kurudi nyuma,
nikaacha kabla sijafika.

Madirisha yanafungwa. Nimerudisha penseli.
Mama amepiga simu: umepata nini huko?
Nimemwambia mende wamekula kurasa.

Halafu nikateremka hadi majini,
pale magugu yanapojibana kwenye mawe.
Mate yalikuja mdomoni kwa mazoea, nikayameza.
Sikuwa na la kusema ila radhi,
nikaiomba kwa sauti ndogo, wavuvi wasinisikie,
kwa yule tuliyemsingizia miaka themanini na ushee,
asiye na dole la kutia popote.