Zamu

Tangi la tatu, chumba cha nyuma, Wesha.
Zamu yangu ya usiku.
Nafagia, napima joto la maji, naandika
kwenye daftari lenye doa la chai ya Salhina.

Wamo wawili tu, kamba wekundu,
mstari mweupe mgongoni kama chaki iliyoteleza,
masharubu marefu kuliko miili yao.
Nilidhani mume na mke.
Salhina akacheka: "Bi Mchanga, humo hakuna bwana.
Wote walianza madume.
Walipokua wakaongeza ujike,
na udume hawakuurudisha dukani."

Jana usiku mmoja alivua gamba.
Likabaki limesimama chini, zima, macho na yote,
nikadhani amekufa.
Kumbe yuko nyuma ya jiwe, laini kama nyama ya dafu,
na mwenzake, naye ana mayai tumboni,
rangi ya embe changa,
akanusa maji, akaja,
akawa dume kwa muda wa kukohoa,
kisha akarudi kuyapepea mayai yake.

Siku kumi na ngapi hivi, zamu itageuka.

Zamu. Neno hili nalijua.
Faki siku mbili kwangu, siku mbili Wete kwa Bikombo,
shati lake likirudi linanukia sabuni nyingine.
Kwa siku zisizo zangu ndiyo nikaomba kazi hii,
mtoto namwacha kwa mama.

Nikauliza, kwa nini wakawa hivi?
Salhina haapi. Anasema labda.
Labda mababu zao walikuwa wachache,
kila mmoja na pango lake, bahari pana,
na ukikutana na mwenzako mmoja tu umri mzima
utamuuliza nini, wewe jike au dume?
Mwenye yote mawili hapotezi safari.
Wengine, kizazi kiliishia mlangoni.

"Basi si ajitoshe mwenyewe?"
Hapana. Ukimtenga peke yake
mayai hutoka, hayashiki, yanadondoka.
Ana kila kitu,
na bado lazima abishiwe hodi.

Saa tisa. Nachutama mbele ya kioo.
Aliyebebeshwa jana anapepea.
Aliyembebesha anapepea.
Naandika: wazima wote wawili. Joto ishirini na saba.

Kesho Faki yuko kwangu.
Nitamweka mtoto mapajani,
na chupa, na kanga ya kufutia cheuo,
nikalale.
Akiuliza, ninalo neno moja.