Kanuni ya Saba

Daftari lina jalada jekundu, kona zake zimeliwa na mende.
Baba aliandika kwa wino wa ofisi,
herufi zimesimama wima kama watu kwenye foleni ya posho:
Ligi ya Mashamba, Ngomeni hadi Kwamgobe. 1958. Timu sita.

Korona ilikuwa timu ya mashine ya kumenya mkonge
(siku hizi wajukuu wakilisikia jina hilo huulizia barakoa).
Brashi, waliokohoa vumbi jeupe hadi mapumziko.
Troli, wasukuma vigari relini, mapaja kama magogo.
Halafu Kitalu, Stoo, na Kambi ya Juu.

Kwenye orodha ya kazi baba aliwaandika kwa namba za kipande.
Kwenye orodha ya ligi aliandika majina:
Nantimba. Ntahondi. Mgaya.
Aliwauliza yanaendelezwaje, akarudia kuuliza.
Nadhani ndiyo sababu uwanja ulijaa.

Milingoti ya goli ilikuwa ya mkonge,
mikavu, myepesi, haistahimili shuti la maana.
Nyavu zilisukwa kwa singa zilizoibwa Brashi,
msimamizi akijua, akitazama pembeni.
Mashamba yalizunguka uwanja pande tatu
na mpira ulikuwa mmoja.

Hivyo basi, kanuni ya saba:
Atakayepiga mpira ukaingia mkonge, ataufuata mwenyewe.
Ukitoboka, timu yake imeshindwa.

Wakajifunza kucheza chini, pasi fupi fupi,
mpira umekaa mguuni kama deni.
Vijana wa Tanga mjini walikuja mara moja, viatu vinang'aa,
wakapiga juu, wakapiga mbali,
wakashindwa na miiba kabla ya kushindwa na sisi.

Fainali ya 1971, Korona na Troli.
Mgaya wa Troli alipiga, mlingoti wa juu ukakatika katikati,
na katika vumbi lile hakuna aliyejua
mpira ulipita juu yake au chini yake.
Refa, dresa wa zahanati, alipuliza filimbi, akaketi chini.
Baba aliandika Troli 1. Mbele ya Korona akaweka nukta,
na mbele ya ile 1, alama ya kuuliza.
Wake wa kambi mbili hawakuazimana ndoo mpaka vuli.
Kombe, birika la shaba la kantini,
lilikaa miezi sita huku, miezi sita kule,
likarudi mdomo umepinda.

Kisha nailoni ikaja.
Haikuja na timu.

Kurasa zinapungua maneno.
Kitalu: wachezaji wamehama.
Stoo: kufuli.
Troli: reli zimeng'olewa, zimeuzwa chuma chakavu.
Mwaka 1985 timu zilibaki mbili,
zikachezeana mara tisa, zikachokana.
Mwaka 1986 ilibaki Kambi ya Juu peke yake,
na baba, Mungu amrehemu, bado alichora msimamo kwa rula:
Imecheza 0. Imeshinda 0. Imefungwa 0.
Bingwa: Kambi ya Juu.
Akatia sahihi.

Mimi siku ile ya fainali nilikuwa na miaka tisa,
nimekaa nyuma ya goli. Niliona.
Usiku baba aliniuliza mara moja, kalamu mkononi.
Nilimwambia.
Akaitazama ile alama ya kuuliza kitambo kirefu,
akafunga kichupa cha wino.

Mwezi uliopita alikuja mjukuu wa Mgaya kutoka Hale,
fundi simu, na pikipiki ya kuazima.
Babu yake alikufa akidai lile goli.
Nikamfungulia ukurasa. Akaufuatisha kwa kidole.
"Lilikuwa goli, mama?"

Uwanja sasa ni michungwa ya mtu wa Muheza,
ila upande wa mashariki mkonge umebaki, umejiotea, hauna mwenyewe.
Nikamwonyesha kwa kidevu.
Nikamsomea kanuni ya saba, mstari wa kwanza.
Akacheka. Halafu akavua kofia ya pikipiki,
akaenda kuchungulia.