Mguu Ulipolikopesha Bega

Gunia halikuniangusha. Nisilisingizie gunia.
Ubao wa lori ulikuwa na utelezi,
mvua ya Newala haikupiga hodi,
nikatua kwa bega, korosho zikanifuata,
kilo themanini juu ya pembe moja ya mwili.

Nikasikia: tk.
Si mvunjiko. Kama fundo linalofunguka gizani
na hakuna mkono uliolifungua.

Nikainuka na kilima ambacho sikuzaliwa nacho.
Mtulinga umechomoza, umeisukuma ngozi,
na mkono unaning'inia chini yake
kama kapu lililokatika kishikio kimoja.
Mama mkwe akakikanda kwa majani ya moto siku tisa.
Siku tisa kilima kikaitika naam,
kikabaki palepale.

Ghalani wakanipa jina: Nundu.
Nikacheka nao. Anayecheka
hasahauliki chai ikigawiwa.

Huko Ndanda, Daktari Mkwinda alibonyeza kwa kidole.
Mtulinga ukazama. Akaachia, ukaibuka,
kizibo ndani ya ndoo.
"Hujavunjika," akasema. "Mifupa imeachana."
Neno hilo nalijua kwa watu.
Nikauliza, talaka ngapi?
Hakucheka. "Daraja la tano.
Kano zilizoishika zimekatika zote,
na hizi hazirudiani kwa kubembelezwa."

Akachora nyuma ya karatasi ya malipo:
huu mtulinga, hili bapa la bega,
na huku chini kifupa kilichopinda
mfano wa mdomo wa kunguru.
Miaka thelathini na sita nina kunguru kifuani
nikimbebesha mali za watu,
hakuna aliyeniambia.

"Na kamba ya kuifungia?"
"Itatoka kwako. Nyuma ya goti ipo kano
ambayo mguu unaweza kuikosa na ukatembea."

Mimi ni mtu wa nchi ya korosho. Mkopo naujua.
Naijua kangomba, msimu unaliwa ungali maua,
najua kuweka dole gumba mahali nisipopasoma.
Lakini mguu kulikopesha bega
bila shahidi, bila riba, bila stakabadhi,
hilo nililiona mara moja,
na hapo nilikuwa nimelala.

Nesi Hokororo aliniambia nihesabu kitu ninachokijua.
Nikahesabu magunia. La saba sikulitua.

Mengine nimesimuliwa.
Kwamba waliutoboa mtulinga matundu mawili,
wakaipitisha kano chini ya mdomo wa kunguru,
wakaivuta, wakaifunga, wakaiwekea uzi mnene mlinzi,
kama fito inavyofungwa kwenye boriti:
ibane, isikate.
Kwamba daktari alifungua fundo la kwanza
akalifunga upya, hakulipenda.
Namshukuru kwa hilo kuliko kwa yote.

Wiki sita mkono ukalala ndani ya kanga ya Asumini,
ile iliyoandikwa USINIPIME KWA MZANI WA JIRANI.
Usiku bega lilinyamaza.
Mguu ndio uliolalama, mkopeshaji,
ukiniamsha saa nane kunikumbusha.
Nikausugua. Nikauambia vumilia, nitakulipa,
kama nilivyowahi kuambiwa na wengi.

Msimu umefunguliwa. Sibebi.
Nasimama kando ya mzani na chaki,
vijana wanapita na magunia shingoni
nami natazama miguu yao, natazama ubao.
Chilumba ananiita Nundu bado,
na nundu hakuna, pana mstari tu,
mrefu kama kijiti cha kibiriti na nusu.

Nyumbani, wiki zile zote,
Asumini alikuwa amekishusha kila kitu:
chumvi, kibatari, kofia yangu, kioo,
vyote usawa wa kiuno, kama nyumba ya watoto.
Sikumuuliza. Nilijitazama nimeinama.

Leo alfajiri nimekuta kioo kimerudi
kwenye msumari wake, juu kabisa.
Yeye alikuwa uani anapepeta mtama,
hakugeuka.
Nikanyoosha mkono taratibu, huku nikisikiliza.
Palikuwa kimya.
Nikakishika.